Faili limefunguka, lakini barabara inapita wapi?

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na baadhi yenu mmeniuliza kama nimerudi Windows. La hasha! Nilikuwa nimezama ndani ya folda moja ya mafaili ya ramani, na nilipoibuka nilikuwa na hasira ya kutosha kuandika. Kwa hiyo leo sina mafunzo ya kusakinisha chochote. Leo ni malalamiko, ingawa amri mbili nitawaachia njiani.

Mjomba wangu anaishi kilomita chache kutoka Mariakani, upande wa bara. Mwaka jana habari zilienea kijijini kwamba barabara itanyooshwa: itaiacha njia ya sasa karibu na soko, ikatize mashambani, halafu irudi kwenye njia ya zamani mbele ya shule ya msingi. Kila mtu alijua kuna mstari mahali fulani. Hakuna aliyejua unapita wapi. Mzee wa kijiji aliandika barua ya kuomba ramani, akataja Katiba ya 2010, kifungu cha 35, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ile inayoipa ofisi siku 21 kujibu. Nakwambia jibu lilikuja ndani ya siku hizo. Mjomba akanipigia: "Mwanangu, wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Wametutumia vitu kwa barua pepe na hapa saiba hakuna anayeweza kuvifungua."

Barua pepe ya kwanza ilikuwa na faili moja tu, lenye mwisho wa .mxd. Wanaojua wameshaanza kucheka. Faili la .mxd ni la programu moja, ArcMap, ambayo ni ya kulipia na huendeshwa kwenye Windows. Tena halina ramani ndani. Lina maelekezo ya jinsi ya kuchora: rangi, unene wa mistari, na anwani za mahali data yenyewe ilipo, kwa kawaida kwenye diski ya yule aliyeitengeneza. Ni sawa na kuagiza samaki ukaletewa karatasi imeandikwa "samaki yuko kwenye friji yetu". Tukaandika tena. Safari hii likaja faili la zipu lenye ramani za .shp, yaani shepufaili, na nikashusha pumzi.

Niseme jambo hapa kwa wale wanaoamini bado kwamba mafaili ya ramani hayafunguki kwenye Linux. Hilo lilikuwa na ukweli wake zamani, leo halina. GRASS ilianza 1982 katika maabara ya jeshi la Marekani na bado iko hai. Mwaka 1998 Frank Warmerdam alianza kuandika GDAL, maktaba ya kusoma na kuandika data za ramani, na leo inaelewa aina nyingi za mafaili kiasi kwamba hata baadhi ya programu za kulipia huibeba tumboni. Mwaka 2002 Gary Sherman akaanzisha QGIS, nayo imekua hadi kuwa programu ambayo mpima ardhi anaweza kuifanyia kazi ya siku nzima bila kuona aibu. Hata ule muundo wa folda za .gdb, ambao mwenyewe hakuwa ameuchapisha, ulichunguzwa baiti kwa baiti na tangu 2014 GDAL inausoma bila kuhitaji kipande chochote cha kampuni. Kwenye Ubuntu unaandika `sudo apt install qgis gdal-bin`, unakunywa chai, umemaliza. Kipakatalishi changu ni cha mtumba na hakijawahi kulalamika.

Basi nikafungua. Zipu ilikuwa na ramani tatu: barabara mpya, barabara ya sasa, na hifadhi ya barabara. Ya kwanza ilifunguka mara moja. Nyingine mbili zikagoma, QGIS ikisema si halali. Sababu ilikuwa ya kijinga. Shepufaili si faili moja. Ni kikundi cha mafaili yenye jina moja na miisho tofauti: .shp lina maumbo, .shx ni faharasa, .dbf ni jedwali la maelezo. Aliyetengeneza kifurushi alikuwa na `barabara_sasa.shp` na `BARABARA_SASA.SHX`. Kwenye Windows majina hayo ni kitu kimoja. Kwenye Linux ni wageni wawili wasiojuana. Ni kazi ya dakika moja kubadilisha majina, lakini usiku ulikuwa umekwenda na nilichotaka kuona kilikuwa ule mstari mpya. Hizo mbili nikaziacha.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili ni langu mwenyewe.

Pembeni ya jina la ramani QGIS iliweka alama ya kuuliza. Maana yake ni kwamba faili lina namba lakini halisemi namba hizo zinahesabiwa kutoka wapi. Nikazitazama: ya kwanza kama laki tano na nusu, ya pili kama milioni tisa na nusu. Mtu yeyote aliyewahi kugusa ramani za Kenya anazitambua: hizo ni mita za UTM, kanda ya 37 kusini. Nikachagua kwenye orodha "WGS 84 / UTM 37S", namba 32737, kama nilivyofanya mara mia, nikaweka picha ya setilaiti chini yake. Mstari ukakaa kijijini, palepale panapotarajiwa, ukaanzia upande wa soko, ukaishia upande wa shule. Ukapita juu ya nyumba ya mjomba. Si karibu na nyumba. Juu yake.

Nikampigia. Alikuwa ameanza kuezeka chumba cha nyuma, mabati yameshanunuliwa. Akasimamisha fundi siku iyo hiyo. Majirani zake wawili wakapata habari kabla ya saa sita, na kufikia jioni kulikuwa na mjadala wa fidia, na mmoja alikuwa ameanza kuuliza bei ya kiwanja upande wa Mazeras. Yote hayo kwa sababu ya kubofya kwangu mara moja.

Siku nne baadaye, Jumapili, nilirudi kurekebisha yale majina ili nione ile hifadhi ina upana gani. Barabara ya sasa ikafunguka, na nikatoa macho. Barabara ya sasa, ile yenye lami, ile ninayopita kila Desemba, ilikuwa imechorwa katikati ya mahindi. Kwenye picha ya setilaiti lami ilionekana wazi kabisa, na mstari wa faili ulifuata kila kona yake kwa utii, ila karibu mita 300 kaskazini na kama mita 100 magharibi.

Kama umewahi kufanya kazi na ramani za Afrika Mashariki unaujua umbali huo kama unavyojua namba yako ya kitambulisho. Hiyo ni Arc 1960.

Kwa ambao hawaijui, nitajaribu kueleza bila hesabu. Ili kuipa sehemu yoyote ya dunia namba, lazima kwanza ukubaliane na wenzako dunia ina umbo gani na kitovu chake kiko wapi. Makubaliano hayo wataalamu huyaita datamu. GPS ya simu yako inatumia datamu iitwayo WGS 84, ya Wamarekani. Lakini nchi zetu zilipimwa kabla ya setilaiti, kwa mnyororo wa pembetatu unaoshika vilima, na mnyororo mkuu ulifuata longitudo ya 30 mashariki kutoka Afrika Kusini kwenda juu hadi Misri. Kazi hiyo ilianzishwa na David Gill katika karne ya 19 na ikaunganishwa yote mwaka 1954. Kutokana nayo ikapatikana Arc 1960, nayo ndiyo iliyo chini ya ramani za Kenya, Uganda na Tanzania za zama hizo, ikiwa ni pamoja na zile karatasi za 1:50,000 ambazo bado zinatumika maofisini. Haina kosa lolote, kwa kipimo chake. Ila kitovu cha dunia yake na kitovu cha dunia ya WGS 84 vimepishana kwa takribani mita 160, 6 na 302 katika mihimili mitatu. Kwa hiyo ukichukua namba za Arc 1960 ukazisoma kama za GPS, hutapata ujumbe wa kosa. Utapata ramani nzuri, safi, yenye kila kona, iliyohama mtaa.

Namba sahihi ilikuwa 21037, yaani Arc 1960 kwa kanda ileile ya UTM. Amri ni hizi, zihifadhini:

`ogrinfo -so -al barabara_mpya.shp`

`ogr2ogr -s_srs EPSG:21037 -t_srs EPSG:4326 barabara.gpkg barabara_mpya.shp`

Ya kwanza inakuambia faili linajijua au halijijui. Ya pili inasema "namba hizi ni za Arc 1960, zigeuze ziwe za GPS". (Angalizo kwa wanaotumia QGIS: kuiwekea ramani mfumo wa viwianishi ni kubandika lebo tu, namba zenyewe hazisogei. Kuzigeuza ni kitendo kingine, nako ni kuhifadhi upya. Nimewaona watu wazima wenye shahada wakichanganya haya mawili, nami nikiwemo.)

Lami ikarudi juu ya lami. Sikuridhika, nikaenda mwenyewe na simu, nikasimama kwenye makutano ya soko na juu ya makalvati mawili ya barabara ya zamani. Yote yalilingana na faili kwa tofauti ya mita kumi hivi. Usitumie hesabu hii kujenga ukuta, kwa maana ugeuzaji wenyewe kutoka Arc 1960 unaweza kupotoka makumi ya mita kutegemea uko wapi, lakini kwa swali la "nyumba ya nani" inatosha.

Nyumba ya mjomba ilikuwa salama kabisa. Mstari ulikuwa umeshuka mita 300 kusini, ukavuka kijito, ukapita katikati ya boma sita za upande wa bondeni. Watu ambao kwa siku nne walikuwa wakimpa mjomba pole.

Nilipiga simu kwa ofisi iliyotuma mafaili. Sitaitaja, na kijana niliyezungumza naye alikuwa mstaarabu kuliko nilivyotarajia. Nilimweleza. Akasikiliza, kisha akasema: "Sasa ndugu yangu, hiyo Linux si ndiyo shida? Ukifungua na Windows inakuja sawa."

Jibu hilo ndilo lililoniletea hasira niliyowaambia, kwa sababu ni nusu kweli. Windows ingeficha lile tatizo la herufi kubwa na ndogo. Naam, hapo nampa alama. Lakini ile ramani iliyonipotosha ndiyo iliyofunguka bila tatizo! Ingefunguka vivyo hivyo kwenye Windows, ikiwa na ukimya uleule, na mtu angebofya palepale nilipobofya. Kwake "inakuja sawa" kwa sababu kompyuta zote za ofisi yake zimewekwa Arc 1960 tangu siku ya kwanza, na faili lisilojisema linachukuliwa kuwa la nyumbani. Likitoka nje ya mlango huo linakuwa yatima.

Kwa kweli, kama si Linux kukataa zile ramani mbili nisingezirudia siku ya Jumapili kwa jicho la kutafuta kosa. Kukataa kwa kelele ni ukarimu. Kibaya ni kile kinachokubali.

Basi msimamo wangu ni huu. Tumezoea kupima uwazi wa data kwa swali moja: imetolewa au haijatolewa? Kenya tulikuwa miongoni mwa wa kwanza Afrika kuzindua tovuti ya data huria za serikali, Julai 2011, nami nilikuwa miongoni mwa walioshangilia. Na sisi watu wa programu huria tumeongeza swali la pili: inafunguka bila leseni ya kulipia? Tumelishinda swali hilo, karibu lote. Lakini kwa data za ramani kuna la tatu, na ndilo linalogusa nyumba za watu: faili linajua liko wapi? Faili la ramani lisilosema datamu yake halijatolewa, hata kama umelituma kwa wakati, bure, na kwa adabu. Umetoa umbo la barabara. Mahali pa barabara umebaki napo.

Na dawa ni rahisi mno kiasi cha kuudhi. Faili lenye mwisho wa .prj, mistari michache ya maandishi ya kawaida inayotaja mfumo wa viwianishi, likikaa pamoja na ndugu zake, kila programu italisoma. Lakini Esri walipochapisha waraka wa kueleza shepufaili mwaka 1998, mafaili yaliyoelezwa humo ni matatu tu: .shp, .shx na .dbf. Lile la .prj ni nyongeza. Kwa hiyo kila anayefunga zipu kwa haraka anachukua "yale muhimu" na hilo linabaki nyuma. Shepufaili ni mzee aliyetutumikia, namheshimu, lakini jedwali lake linatokana na dBASE ya miaka ya themanini na majina ya safu hayazidi herufi kumi (ukiandika IDADI_YA_WATU unapata IDADI_YA_W). Tangu 2014 kuna GeoPackage, kiwango huria, faili moja tu la .gpkg ambalo ndani yake kuna hifadhidata ya SQLite, na mfumo wa viwianishi una jedwali lake humo humo. Huwezi kuusahau kwenye folda nyingine kwa sababu hakuna folda nyingine. QGIS huhifadhi hivyo yenyewe tangu toleo la 3 la mwaka 2018. GeoJSON nayo ni sawa kwa mambo madogo. Kanuni zake za 2016 zinataka WGS 84, basi, mjadala umekwisha.

Najua nitaambiwa ofisi haziwezi kubadilisha mfumo wote kwa ajili ya mjomba wangu. Sijaomba hivyo. Wabaki na programu yao, wabaki na Arc 1960 yao. Wakitoa faili kwa mwananchi waweke na ukurasa mmoja wa maandishi: datamu gani, kanda gani, ilipimwa lini, na huu ni mpango au ni uamuzi. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote na halihitaji kompyuta kabisa.

Wetu pia nao nawasema. Mijadala yetu ya programu huria mara nyingi inamalizika pale faili linapofunguka, picha ya skrini inapigwa, tunapongezana. Watengenezaji wa tovuti za ramani hapa Nairobi, mimi nikiwa mmoja, tuna tabia ya kubandika 4326 au 32737 kwenye kila kitu kinachokuja bila lebo, kwa sababu ramani "inaonekana sawa". Mita 300 katikati ya mbuga huzioni. Kwenye kijiji zinatosha kuhamisha familia sita kutoka orodha moja kwenda nyingine. Siku hizi nina sharti langu mwenyewe: simwambii mtu yeyote mstari unapita wapi kabla sijapata angalau kitu kimoja kwenye faili lilelile ambacho naweza kukiona ardhini, kama daraja, makutano au kona ya shule. Kama kifurushi hakina kitu hicho, nakiomba.

Tulifanya mkutano chini ya mwembe, karibu na nyumba ya mzee wa kijiji. Nilikuwa nimechapisha karatasi mbili, mstari wa makosa na mstari uliorekebishwa, na nikaomba radhi kwa ule wa kwanza mbele ya watu wote. Mjomba hakusema neno, ingawa baadaye aliniambia mabati yalikuwa yamenyeshewa mvua. Mama mmoja wa upande wa bondeni akachukua karatasi ya pili, akaitafuta nyumba yake kwa kidole kuanzia kwenye kijito, akaipata. Akaniuliza: "Sasa hii ndiyo ya mwisho, au nayo itasogea?"

Nikamwambia ninavyojua mimi haitasogea, lakini wenye kuapa ni wale walioichora. Tukaandika barua ya tatu siku hiyo, saini kumi na nne, tukiomba kwa maandishi datamu ya mafaili yote matatu na mtu wa kuja kupigilia vigingi vya muda kwenye mstari ili kila mtu auone kwa macho. Leo ni siku ya kumi na saba.